Anayepandisha Sauti

Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Asubuhi hiyo Tochi, fundi wa kuchomelea vyuma, alifika akihema, hedifoni shingoni. Alianza kukimbia tangu binti yake wa pekee ahamie mbali, nyumba ikabaki yeye na sufuria zake. Hedifoni alitumiwa na binti huyohuyo, naye alizivaa kwa fahari ya mtu aliyevishwa joho. Siku hiyo alikuja na swali, kahawa ilikuwa kisingizio tu.

— Nauliza wenye akili. Wimbo uleule, mkono sigusi. Nikipita kwenye malori, sauti inapanda. Nikiingia uwanjani penye kimya, inashuka. Nani anafanya hivyo?

Breki, dereva wa bodaboda, alidakia kikombe kikiwa mdomoni.

— Jasho hilo! Barabarani unakaza, unaloa, chombo kinakutia moyo. Uwanjani unategea.

— Sitegei mimi.

— Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Jasho ni jasho.

Kinyozi, waliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani tu, aliguna.

— Breki, nyamaza uonekane mzima. Hicho kinasoma mawazo. Ukimwaza mke wa mtu, kinapaza sauti usiisikie dhamiri. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiki si kiko sikioni? Tochi aliuliza.

— Kwani sikio umeazima?

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Tochi hakucheka.

— Ni binti yangu, alisema.

— Binti yako kafanyaje?

— Alizijaribu kwa simu yake kabla ya kunitumia. Basi ananisikia huko aliko. Malori yakija, anajua baba hasikii, anapandisha. Pakitulia anashusha, nisiumie masikio. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Nikianza kuchomelea bila miwani, ananiletea mbio. Mnadhani nakimbia nipungue tumbo? Nakimbia naye, jamani.

Profesa alitafuta methali, akaikosa.

Mwisho wa benchi aliketi mama mgeni aliyemleta mwanawe kunyolewa. Alimgeukia Tochi kwa upole.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Hata za mume wangu ziko hivyo. Zina kinasa sauti humo ndani, zinasikia kelele na kupandisha sauti zenyewe.

— Za mumeo, labda.

— Labda, baba. Kwani binti akikupigia simu, anasemaje kuhusu hizo mbio zenu?

Tochi alizishika hedifoni zake. Akamtazama Breki, na Breki akaanza kufuta kioo cha pikipiki kilichokuwa safi. Profesa akainua birika la kahawa, akalitikisa, akaliweka. Wote walijua binti hajapiga simu siku nyingi. Tochi aliona uchungu, tena uchungu wa kuonewa huruma na watu waliozoea kumtania.

Alivaa hedifoni, akainuka.

— Tochi, Breki aliita, kwako si huku?

— Najua. Napita kwa malori.