Nei Rotia na Bahari ya Hesabu

Tarehe 30 Juni, Nei Rotia Tebano anastaafu baada ya kutumikia Kitengo chetu cha Pwani, hapa Tarawa Kusini, kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kusoma kina cha maji gatini, asubuhi na jioni, akiwa na daftari na mwavuli. Alipofikisha miaka arobaini alijiunga na darasa la kujenga modeli, yaani bahari ya hesabu ndani ya kompyuta, yenye kujaa na kupwa kwake. Wanafunzi wenzake, waliolingana na wanawe, walimwita Bibi Bamvua. Naye akawashinda kwenye mtihani. Tulizoea kumkuta ametulia mbele ya kioo cha kompyuta, buluu ikimpita usoni, kana kwamba ameketi ndani ya maji yasiyolowesha.

Modeli yake ya kwanza ililingana na vipimo vya miaka minne karibu kikamilifu. Ikasema bamvua la Februari, maji kujaa kupita kiasi, halitafika kijiji cha Bikeniwa, na kaya sitini zikaambiwa zisihame. Lakini Rotia alikuwa ameificha modeli vipimo vya visima vya mwaka mmoja, ili aipime kwa kile isichokijua. Ikashindwa: ilionyesha visima vimetulia siku ambazo vilikuwa vimejaa chumvi.

Akaenda kijijini kuuliza. Nei Kaotinta, mama mmoja wa hapo aliyekuwa akipalilia shimo lake la babai, magimbi makubwa ya kisiwani, hakuinua hata kichwa.

"Wewe Rotia, bahari yako ina adabu mno, inabisha hodi ufukweni. Yetu inaamkia chini ya mkeka."

Ndipo alipotambua kosa lake: aliijenga ardhi kama ukuta, ilhali kisiwa chetu ni matumbawe yenye matundu yanayopitisha maji. Zilibaki siku tano kabla ya bamvua. Alisimama kwenye maneaba, ukumbi wa mikutano, mbele ya kijiji kizima, akaitangua taarifa yake mwenyewe. Wapo waliocheka, wapo waliouliza alisomea nini. Hata hivyo wote walihamia shuleni, penye mwinuko. Siku ya bamvua, ufukwe ulibaki mkavu. Maji yakachipuka taratibu sakafuni, maangavu, mikeka mitupu ikaelea.

Aliijenga modeli upya kwa miaka mitatu, na akatufundisha sote kuificha kitu kabla ya kuiamini.

Katika makabidhiano hakutuandikia sifa zake. Ametuachia orodha ya mahali kumi na saba ambapo modeli bado inakosea, na kando ya kila mahali, jina la mtu wa kumwuliza.

Tunakushukuru, Nei Rotia. Tunakuombea siku nyingi za kuitazama bahari bila kuidai jibu.