Jicho la Mama Lililofunguka Akila

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Kope yake ya kushoto ilikuwa imelala tangu siku hiyo, ikiinuka tu aliponyonya. Bibi alikuwa amezalisha watoto wengi, akasema itainuka yenyewe akikua.

Alianza shule mwaka 1965. Mwalimu alimcharaza kwa kusinzia darasani, kisha akamcharaza tena kwa kutafuna chingamu, ilhali akitafuna ndipo jicho lilipofunguka. Wenzake walimpa jina la Konyeza, likamganda.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, meza ya vifungo, akadumu hapo miaka thelathini na mmoja. Siku moja wakati wa mapumziko, baba, aliyekuwa fundi wa cherehani, aliona anakonyezwa. Akasogea.

"Dada, umeniita?"

"Nakula karanga, kaka."

Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979. Baba anashikilia hadi leo kwamba aliitwa.

Ukubwani daktari alimweleza mama kwamba mshipa wa fahamu wa taya ulikuwa umeungana na kope tangu tumboni. Jicho lenyewe lilizaliwa zima. Uwezo wake wa kuona ulififia kwa kufunikwa utotoni, na hakuna aliyempeleka kupimwa. Hilo lilimuuma sana.

Januari mwaka huu, 2025, mimi bintiye nilijifungua. Mama alinitazama nikinyonyesha, akaona kope ya kushoto ya mtoto ikipanda na kushuka. Tangu hapo hakuwa na raha. Moyo wake ulikuwa umeshachoka, akalazwa tarehe 2 Juni, na hata wodini hakuulizia dawa zake.

"Mtoto amepimwa?"

"Bado, mama. Nakuuguza wewe kwanza."

"Mimi nina manesi. Yeye ana nani? Mpeleke."

Niliahirisha miadi mara mbili. Mama alifariki Jumatatu, tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja wa miezi mitano. Shangazi ameniomba nisitoke nyumbani hadi wageni waondoke. Shangazi, nisamehe. Miadi ya tatu ni kesho saa mbili asubuhi, na ninaogopa kwamba nimeshachelewa. Mkiamka mkanikosa, msinitafute.

Mungu amlaze mahali pema, asihangaike tena. Mama, nampeleka.