Kiberiti Kilichokatwa Pichani

Ndugu na marafiki, binti wa pili wa marehemu, anayesoma haya, anaomba mmvumilie hadi mwisho. Jina la baba yake lina doa la miaka thelathini, na lazima litoke leo kabla udongo haujamfunika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Alianza shule mwaka 1958. Hesabu zilimpiga chenga, ila kuna somo moja lilimkaa kichwani. Mwalimu alivunja tawi, akalisimamisha mezani, akauliza, “Huu ni mti au tawi?” Darasa zima likacheka isipokuwa yeye. Baadaye alisomea uashi kwa miaka mitatu.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa na ofisi ya ujenzi kama mpiga picha wa nyufa, na mwaka 1980 akawa mkaguzi wa nyufa. Ufa, alikuwa akieleza, una matawi. Kila tawi lina vitawi, na kitawi ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaapa ni ufa ule ule mzima. Umbo la namna hii, ambalo kipande kinafanana na zima lake, wataalamu huliita fraktali. Limo kwenye mti, kwenye mto na vijito vyake, hata kwenye mishipa ya damu. Ubaya wake ni kwamba picha pekee haikuambii ukubwa: ufa wa kupitisha unywele na ufa wa kupitisha ngumi hutoka sawa. Ndiyo maana hakupiga picha bila kuweka kiberiti pembeni, ili mtu alinganishe. Wakamwita Mzee Kiberiti, naye sigara hakuijua.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1970 na muuguzi. Mpiga picha alipoinua kamera, bwana harusi akachomoa kiberiti. “Ukikiweka hicho hapa, narudi kwetu,” bibi harusi akamwambia. Kikarudi mfukoni. Walijaliwa watoto wanne.

Tarehe 9 Mei 1994 alipiga picha ya ufa kwenye ukuta wa karakana. Ofisi ikaitazama, ikaandika “ufa wa nywele”, ikafunga faili. Siku tatu baadaye, saa tano asubuhi, marehemu alipita pale, akakuta ufa umepanuka na watu wako kazini. Akawatoa kwa kelele, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mtunza stoo, na ukuta ukamwangukia mguuni. Yupo hapa mbele, na fimbo yake.

Wakubwa wakamwekea ile picha mezani. “Kiberiti kiko wapi?” Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kisha akasema, “Nilisahau.” Akafukuzwa wiki ile ile. Hata ndugu walimcheka: Mzee Kiberiti kasahau kiberiti! Tangu hapo aliishi kwa vibarua vya lipu.

Machi mwaka huu wa 2024 kikohozi kilimzidi. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, njia za hewa zikigawanyika na kugawanyika tena. “Huu ni mto au ni mimi?” akauliza. Kisha akasema, “Na kiberiti kiko wapi?” Daktari akacheka. Binti yake wa pili, aliyekuwa amemshika mkono, akasema:

“Baba, ile picha ya karakana...”

“Najua. Ufa haunyooki hata siku moja. Ukingo wa ile picha ulikuwa umenyooka mno. Ule ni mkasi.”

“Mbona ulinyamaza?”

“Ulikuwa na miezi mitatu kazini, mama. Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi.”

Alifariki tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi.

Basi isikike: marehemu hakusahau. Karani wa mafaili wa ofisi ile alikuwa binti yake wa pili. Nafasi ya picha kwenye fomu ilikuwa ndogo, akaipunguza pembeni kwa mkasi, na kiberiti kikaangukia kwenye kapu la taka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; yeye aliuacha wake miaka thelathini, kwa woga tu. Kwako mtunza stoo, anakuomba radhi mbele ya wote. Baba yake hayupo tena ili naye amwombe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Picha iliyo juu ya programu hii haikukatwa popote. Kiberiti kipo, kushoto, kando ya mkono wake.

Apumzike kwa amani, na jina lake likiwa zima.