Ukingo Usiopakwa Rangi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi wa kampuni yetu ya meli. Manahodha mlioko nchi kavu. Mafundi wenzangu wa karakana. Watoto wangu mliokaa kule nyuma mkijifanya hamnijui. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mume wangu, uliye baharini saa hii, unayenisikia kupitia simu ya setilaiti ambayo mtunza stoo ameinyanyua hapa mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa niseme kidogo. Wanaonijua wanacheka, na wana haki.

Leo naiaga kazi niliyoianza kabla sijaota mvi hata moja. Wageni wengi hawaijui, basi niieleze. Juu ya mlingoti wa meli kuna rada inayozunguka, ikirusha mawimbi ya redio kila upande kutafuta meli nyingine na miamba. Mawimbi hayo hayachagui pa kwenda. Yakipata upenyo mwembamba kwenye kabati la mitambo, yanaingia mpaka kwenye zile kadi za elektroniki zinazoongoza pampu na winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, na winchi inadhani imeamriwa kusimama. Kazi yangu imekuwa kuziba upenyo huo. Mtu akifanya kazi hii vizuri, hakuna kinachotokea, na kwa kuwa hakuna kinachotokea, nani atakumbuka kumshukuru? Nawashukuru nyinyi mliokumbuka.

Ndivyo nilivyokutana na mume wangu. Winchi ya meli yao ilikuwa inakwama yenyewe, mzigo ukiwa hewani na watu wakiwa chini yake. Tulibadilisha kadi, tukabadilisha nyaya, wapi! Mwishowe nikafungua kabati, nikaona ukingo wa mlango unang'aa kwa rangi nyeupe, safi, iliyopakwa kwa mapenzi. Jamani! Pale mlango unapokutana na fremu, chuma lazima kiguse chuma. Rangi ikikaa katikati, mawimbi ya rada yanapita. Nikatoa msasa, nikaanza kusugua.

"Dada! Dada! Unaufanya nini mlango wangu?"

Alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha. Wenzake walimwita Mzee wa Brashi, ingawa wakati huo hata ndevu zilikuwa zinamsumbua kuota.

"Nautibu," nikamwambia.

"Kwa kuukwaruza? Keshokutwa umeshika kutu, halafu nahodha ananiuliza mimi, si wewe!"

Niambieni, alikosea? Melini chuma kilicho wazi ni aibu ya serahangi. Mimi nilikuwa nawaza mawimbi, yeye anawaza chumvi, na kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Nikaenda kutafuta bisibisi. Kurudi, ukingo umepakwa upya! Rangi mbichi, imenichafua mpaka kiwiko!

Tuligombana, sitawaficha. Kisha nikamsimamisha mbele ya winchi isiyo na mzigo, nikamwomba nahodha awashe rada. Winchi ikashtuka, ikakwama. Rada ikazimwa, winchi ikatembea. Ikawashwa tena, winchi ikakwama tena. Akatazama pale chini ya winchi, kisha akasema taratibu, "Hapa huwa anasimama mdogo wangu." Akauchukua msasa mkononi mwangu, akaanza kusugua mwenyewe.

Tukaweka utepe wa waya uliosukwa, usioogopa chumvi, katikati ya mlango na fremu. Nikamuuliza nani ataulinda utepe huo usipakwe rangi.

"Mimi. Ila na wewe uwe unakuja kuukagua."

Nikawa nakuja kuukagua. Nilikuja hata meli ilipokuwa haina tatizo lolote. Mkurugenzi wa wakati ule hakujua. Leo bodi imejua.

Ndugu zangu, tangu tuoane, kila kabati nililolifunga katika meli ile nililifunga nikimwona yeye amesimama chini ya winchi. Mnanisifu kwa umakini. Ule ulikuwa woga wa mke. Mchana nilizuia mawimbi yasiingie, jioni nikakaa sebuleni nikiomba yaniletee sauti yake. Watoto hawa wamezaliwa, wamesoma, wamepata kazi zao, naye mambo mengi ameyasikia kwenye simu inayokatika katikati. Kila alipotaka kuondoka nilimwambia, "Nenda, baba, usijali," nikatabasamu mpaka gari likapotea, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nina hamu naye. Nasema hadharani, na watoto mniwie radhi. Nina hamu ya kusikia akivua viatu mlangoni. Nina hamu ya kugombana naye ana kwa ana, nimwone anavyokunja uso.

Juzi alinipigia. "Mama watoto, kampuni inaniomba niongeze mkataba mmoja. Unasemaje?" Nikamwambia nitamjibu. Hakujua kwamba nitamjibu hapa.

Mkurugenzi, mkataba ni wenu na yeye, na mimi si bosi wake. Lakini ameniuliza. Basi, mume wangu, jibu langu ni hili, na shahidi ni ukumbi mzima: safari hii sisemi nenda. Nasema rudi nyumbani.

Waheshimiwa, ndugu, asanteni sana kwa kunitegea sikio. Msipige makofi bado. Mtunza stoo, isogeze hiyo simu kwenye kipaza sauti, tusikie anasemaje.