Ratemo Onyancha, Fundi wa Boila Aliyemshonea Bintiye Gauni la Arusi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kulisha moto wa kiwanda chetu cha majani chai, Bwana Ratemo Onyancha anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alipoulizwa angependa tumkumbuke kwa lipi, alifikiri kidogo akasema, "Kwamba kiwanda hakikulipuka." Kamati ya jarida iliona maneno hayo hayatoshi kujaza ukurasa, ikanipa mimi, Nyamongo wa sehemu ya kukaushia majani, kazi ya kuyaongezea. Walisema mimi ndiye niliyevaa nguo nyingi zaidi zilizoshonwa na Ratemo, na bado ni mzima.

Alitoka kwao Ekerenyo mwaka 1993, kijana mwembamba aliyetumaini kupewa kazi ya ofisini. Akapewa mkokoteni wa kuni. Kutoka kwenye mkokoteni alipanda akawa msaidizi wa boila, kisha mwendeshaji, na kwa miaka kumi na minne iliyopita amekuwa mkuu wa sehemu hiyo. Msimu wa majani mengi, malori yanapopanga foleni hadi barabarani na kila mtu anapiga kelele, Ratemo huwa ndiye pekee anayezungumza taratibu. Yeye hasemi kwamba huo ni utulivu. Anasema ni uziwi wa boila, kwamba kelele zetu hazisikii.

Lakini jina lake halikuvuka ua wa kiwanda kwa sababu ya mvuke. Lilivuka kwa sababu ya cherehani.

Mwaka 2009 mkewe, Mong'ina, alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mong'ina ndiye aliyekuwa fundi wa nguo pale nyumbani. Aliacha sare ya shule ya binti yao Valentine, aliyekuwa darasa la nne, ikiwa imeshakatwa vipande na kushikizwa kwa pini. Fundi mmoja wa sokoni alijitolea kuimalizia bure. Ratemo akakataa. Sisi tulidhani ni majonzi. Mwenyewe anasema hayo yalikuwepo, ila zaidi kilikuwa kiburi: mtu anayetawala boila ya kiwanda kizima angeshindwaje na kitu kinachoendeshwa kwa mguu?

Alishindwa vizuri sana. Uzi ulikatika, ukajisokota chini ya sindano ukawa kama kiota cha ndege. Hatimaye sare ikatoka ikiwa imeshonwa kila mahali palipokuwa na ukingo. Valentine aliigeuza huku na huku, akauliza, "Tata, kichwa kitapitia wapi?"

Wakaketi wawili hao wakaifumua pamoja, mtoto akishika wembe na baba akivuta uzi. Ratemo anasema ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza wao kucheka tangu mazishi. Yapo mambo ya lugha hapa ambayo wageni wetu hawayajui: kwa Ekegusii, tata ni baba, na baba ni mama. Baada ya sare ile Valentine alianza kumwita majina yote mawili kwa zamu, kutegemea kama alitaka pesa ya kalamu au alitaka kubembelezwa.

Tangu hapo Ratemo hakuacha kushona, na sisi tukawa uwanja wake wa majaribio. Alijifunza tabia za vitambaa kwa kuviharibu kimojakimoja. Polista aliipiga pasi kwa moto aliouzoea kazini, shati likayeyuka na kubaki limeshika pasi. Pamba hakuiloweka kabla ya kuikata. Suruali aliyonishonea mimi ilikuwa nzuri siku ya Jumapili, ikafuliwa Jumatatu, na Jumanne ikaishia juu ya vifundo vya miguu. Nilipoulizwa nilisema nimeifupisha makusudi kwa ajili ya matope.

Halafu kuna koti la Krismasi. Aliona Kisii mjini kitambaa kizito, chenye maua ya dhahabu kwa mbali, bei nafuu. Akashona koti ambalo hata mimi nililitamani. Siku ya sikukuu alialikwa kwa mzee mmoja wa kanisa lake la Kisabato. Alipoingia sebuleni, akakuta kitambaa kilekile kimening'inia madirishani kuanzia juu hadi sakafuni. Mwenyeji wake, kwa heshima, hakusema lolote. Mjukuu wa mwenyeji ndiye aliyesema. Ratemo anakiri kwamba alikaa kiti cha karibu na dirisha, na kwa muda fulani watu walimtafuta.

Mimi nami niliwahi kujiandikisha kuwa mwanafunzi wake. Katika somo la kwanza nilishona mfuko wa mto vizuri kabisa, kisha nikasimama kwenda kuuonyesha, cherehani ikanifuata. Nilikuwa nimeushona pamoja na mkono wa shati nililovaa. Hakukuwa na somo la pili.

Taratibu, hata hivyo, mkono wa mwalimu wangu ulitulia. Akaanza kukishika kitambaa kabla ya kukinunua, akikifinya ngumini kuona kama kinakunjamana, akikivuta kuona kama kinarudi. Kinamama wa Ekerenyo wakaanza kumletea sare za watoto, kisha sketi, kisha nguo za kwaya. Mwaka 2023 ndipo ulipofika mtihani wenyewe.

Valentine, ambaye sasa alikuwa muuguzi Nyamira, alichumbiwa na kijana mwema aitwaye Ochoki. Siku hizi maharusi wengi wa kwetu hukodi gauni mjini na kulirudisha baada ya siku mbili. Valentine alimwambia baba yake kwamba hatakodi. Alitaka gauni atakalolishona baba mwenyewe.

"Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai," Ratemo alituambia, "kisha nikaogopa kwa wiki nzima."

Walikwenda Kisii kwa muuza vitambaa mmoja, Mama Esnah, ambaye aliwatandazia mezani krepu, shifoni, lesi na satini. Ratemo alijua vyema kwamba satini ni kitambaa kisicho na adabu. Huteleza mezani, huonyesha kila tundu la sindano, na ukikosea hakisamehe. Mama Esnah mwenyewe alimwonya. Lakini iling'aa. Aliwaza jinsi watu watakavyogeuka kanisani, akaagiza satini.

Akachukua likizo yake ya mwaka, akafunga mlango, akakata. Alipoanza kuunganisha sehemu ya mbele ndipo alipogundua kwamba vipande vyote viwili ni vya upande wa kulia. Alivigeuza, akavipindua, akavitazama akiwa ameketi na akiwa amesimama. Vilibaki vya kulia, maana satini hung'aa upande mmoja tu. Kitambaa kilichosalia kilikuwa kimepelea. Alirudi mbio kwa Mama Esnah, akakuta jora lile limekwisha na jipya lina weupe mwingine: la kwanza lilikuwa maziwa, la pili maziwa yaliyodondokewa na chai.

Arusi ilikuwa imebaki majuma matatu. Ratemo alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakufanya mzaha. Alisema, "Nyamongo, nimemharibia mtoto siku yake." Alikuwa ameshauliza bei ya kukodi gauni. Nilimshauri amweleze Valentine kabla ya kufanya lolote.

Valentine alikuja nyumbani Jumapili. Alivitazama vile vipande viwili mezani, akakilaza kimoja juu ya kingine. Kisha akasema, "Tata, mimi sikuomba satini. Satini uliitaka wewe."

"Ni kweli," Ratemo akajibu.

"Mimi niliomba gauni lako. Kitambaa gani mkono wako unakijua?"

Hakuhitaji kufikiri. "Pamba. Nimeshona pamba tangu ile sare yako."

"Basi nishonee pamba."

Wakanunua pamba nyeupe, nzito, yenye kuangukia vizuri, na lesi kidogo ya mabega na mikono. Safari hii aliiloweka, akaianika, akaipiga pasi, akaipima mara mbili na kumwita jirani aipime mara ya tatu. Likizo ilikuwa imekwisha, na kila alipotoka zamu jioni aliketi kwenye cherehani. Shangazi mmoja wa upande wa Ochoki alichungulia gauni likiwa nusu, akanong'ona kwamba linafanana na sare ya hospitali. Tulimwambia Ratemo asijali. Akasema, "Shida si kwamba amesema. Shida ni kwamba nikilitazama vizuri, naiona hiyo wadi." Akarudi akalifumua kiuno, akakibana, akaongeza marinda nyuma, na gauni likapata uhai.

Siku ya arusi mimi nilikuwepo. Valentine aliingia kanisani ameshika mkono wa baba yake, na nguo ile ilimkaa kana kwamba ilikua pamoja naye. Haikung'aa. Ilikuwa nyeupe tu, safi, imenyooka, na yeye alitembea ndani yake bila kuishika wala kuivuta. Watu waligeuka, kama Ratemo alivyokuwa ameota. Yeye hakuwaona, kwa kuwa alikuwa akikagua mshono wa bega la kushoto, ambao anadai hadi leo umepinda. Mbele ya mchungaji, Valentine alimnong'oneza baba yake neno moja. Tulimwuliza ni lipi kati ya yale majina mawili, akasema halituhusu, akafuta macho kwa tai.

Shangazi wa wadi ndiye wa kwanza kuuliza kama fundi huyo anapokea kazi.

Ningependa kuishia hapo, lakini ukweli una haki zake. Ratemo alikuwa ametumia nguvu zote kwenye gauni, na suruali yake mwenyewe aliishona siku ya mwisho, haraka haraka. Alipopiga magoti kwa maombi, mshono wa nyuma ulifunguka kuanzia kiunoni hadi pale ambapo hatuwezi kupataja katika jarida la kiwanda. Aliyesikia ni mimi niliyekuwa nyuma yake. Ukizitazama picha za arusi utaniona katika kila moja, nimesimama nyuma ya Ratemo, karibu mno, nimekaza uso kama mlinzi wa waziri. Ile satini nayo ilishonwa mifuko ya mito, ikagawanywa kwa wafanyakazi wenzake. Ndiyo maana wengi wetu hapa huamka vichwa vikiwa vimeteleza hadi ukutani.

Boila anaikabidhi kwa vijana aliowafundisha mwenyewe, nao wanajua kazi. Kwa hilo, na kwa moto uliowaka vizuri miaka yote hii, na kwa sare, mashati na kicheko ulivyotupa, asante sana, Bwana Ratemo.

Hatakaa bure. Valentine na Ochoki wanatarajia mtoto mwezi wa Agosti, na babu ameshakwenda Kisii kununua flana laini ya nguo za mtoto. Ameilaza shavuni kwanza, pale pale dukani, mbele ya wateja wote. Anasema amechagua flana kwa makini, na amemchagua mteja kwa makini zaidi, maana huyu hatajua kusema kwa mwaka mzima.

Mungu akuhifadhie macho ya kutunga uzi, rafiki yetu, na mguu wa kukanyaga cherehani, hadi mteja huyo ajue kusema, arudi kukuagiza nguo nyingine.