Mzee Gaspar Kasimiri na Sahani ya Peke Yake

Marehemu Mzee Gaspar Celestin Kasimiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Usevya, Mpimbwe, mtoto wa tatu wa Mzee Celestin Kasimiri na Mama Pelagia, wakulima wa mpunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza 1967. Mwalimu wa hesabu alisema kijana ana kichwa kizuri. Baba yake alikubaliana naye kabisa, akamkabidhi mbuzi wote.

Mwaka 1974 alihamia Mpanda, akaajiriwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2012. Siku ya kupeleka posa, mwaka 1978, alitokea kazini moja kwa moja, nywele nyeupe kwa vumbi la pumba. Wakwe wakampisha kiti cha wazee, wakamuuliza kwa adabu bwana harusi mwenyewe atafika saa ngapi. Alifunga ndoa na Monika mwaka huohuo, wakajenga Mwamkulu, wakajaliwa watoto wawili, Cletus na Lucia. Monika alifariki Oktoba 2017. Watoto walikuwa wameshapata kazi mbali, na simu zao za Jumapili zilifika pale mtandao uliporuhusu.

Tangu hapo Mzee Gaspar alikula jioni kwa jirani yake Malale, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akaishia kuwa ndugu. Wanaume wa kaya ile huketi uani, hunawa, kisha humega ugali kwenye sinia moja. Hapo ndipo alipokuwa na watu.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na kisukari. Hospitali ilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe, Bi. Esteria, aliyemweleza kwa upole: ugali usizidi ngumi yake, mboga nusu ya sahani, na ili apime vizuri awe na sahani yake mwenyewe. Mzee Gaspar alikuwa mtu wa kutii. Jioni hiyohiyo alitokea kwa Malale na sahani ya bati mkononi.

Watu waliacha kumega. Kwenye uwanja ule, mtu mzima anayejitenga na sinia anasema, bila kufungua mdomo, kwamba anaogopa kuwekewa kitu.

"Baba Cletus," Malale akauliza, "chakula chetu kimekuwaje?"

"Hakina neno. Mimi ndiye mwenye sukari."

"Sukari? Huu ugali wa mtama, baba. Hata chumvi hatujatia."

Wengine walicheka. Malale hakucheka. Kesho yake Mzee Gaspar hakwenda, na hakuna aliyekuja kumwita. Mzee hakutaka kufafanua zaidi. "Mtu akijieleza sana," alisema, "ndipo wanapojua ana jambo."

Basi akapika mwenyewe, akala mwenyewe. Kliniki hakukosa hata mara moja. Ilikuwa sehemu pekee ambako mtu alimuuliza amekula nini, kisha akasubiri jibu.

"Mzee, sukari imeshuka," Bi. Esteria alimwambia, "lakini na wewe umeshuka. Unakula na nani?"

"Na redio."

"Safari ijayo uje na mtu wa nyumbani kwako."

Alikuja peke yake, akaketi. "Ndio sisi wote," alisema.

Ndipo Bi. Esteria alipoisikia habari ya sinia, akasema alipaswa kuuliza mapema. Akamwelekeza upya: mega tonge la ngumi, liweke upande wako wa sinia, likiisha umemaliza, mboga endelea nayo. Sahani haina kazi. Ila jirani lazima aambiwe.

Kuambiwa huko kulingoja miaka. Hatimaye alipokwenda, alieleza ugonjwa tu, habari ya ngumi hakuifikia. Malale alimsikiliza hadi mwisho, akahuzunika sana, na kwa heshima ya ugonjwa akampangia kiti na meza ndogo ndani ya nyumba, chakula kimefunikwa vizuri.

"Sasa nakula mezani," aliripoti kliniki.

"Na nani?"

"Na heshima."

Safari hiyo Bi. Esteria alipiga simu mwenyewe. Malale akafika kwa pikipiki, akaelezwa habari ya ngumi, akaitazama ngumi yake kwa wasiwasi kidogo, kisha akamgeukia mwenzake.

"Kumbe ni hivyo tu? Nimekufungia ndani kama mtoto wa surua, na wewe unakula umenyamaza! Mdomo wako nao wanaupima?"

Mei 2025 Mzee Gaspar alirudi uani. Hakukaa sana, moyo ulikuwa umechoka. Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alichelewa. Wanaume walikuwa wameshanawa, lakini hakuna aliyemega. Malale alikwenda kumwita, akamkuta amefariki kitandani, amevaa shati safi. Ugali ule ulipoa bila kuguswa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Cletus wa Dar es Salaam na Lucia wa Tunduma. Wajukuu watano, ambao aliwafahamu zaidi kwa sauti. Na jirani mmoja, ambaye kwa kawaida sehemu hii haimtaji.

Mungu amweke penye watu.