Anastazi Twizeyimana, Aliyejua Simba Huyu ni Mtoto wa Nani

Wapendwa mliotusindikiza hapa Nyamirambo leo, Jumamosi, tarehe 13 Machi 1993, wenye miavuli waishushe kidogo ili walio nyuma waone. Familia imetaka maisha ya mzee wetu yasomwe polepole, nayo yatasomwa polepole.

Anastazi Twizeyimana alizaliwa mwaka 1938 karibu na Kayonza, mtoto wa tatu wa baba na mama waliofuga ng'ombe wachache. Kitambulisho chake kinasema tarehe 4 Mei. Hiyo ni siku ya ubatizo. Mama yake alisema siku hiyo mtoto alikuwa tayari na meno mawili, akamng'ata padri kidole.

Alisoma shule ya misheni tangu 1947 hadi 1951, madarasa manne basi. Hesabu ilimshinda. Lakini alikuwa na mwandiko mdogo, uliosimama wima, na alijua kuchora. Hayo mawili ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote.

Mwezi wa saba 1957 alitembea kwa miguu kwenda kutafuta kazi kwenye mbuga ya Akagera. Barabarani alimkuta kijana mwingine amekaa juu ya jiwe, anatoa mwiba mguuni. Kijana huyo ni Mutsinzi, ambaye familia imemwomba asome karatasi hii. Walifika pamoja. Walipoulizwa kama ni ndugu, walisema ndiyo, maana ndugu wawili walipewa hema moja. Mutsinzi hakukaa sana kazini, miguu yake haijapata kutulia mahali. Alikwenda Bukoba, Goma, Bujumbura, akarudi, akaondoka tena. Kila aliporudi alikuta mkeka wake pale alipouacha.

Anastazi alibaki. Kazi yake ilikuwa kumfuata simba dume na kujua ametoka wapi. Wengi hapa hawajui kazi hiyo, basi ielezwe. Simba dume akikaribia miaka mitatu, hufukuzwa kwao. Huenda na wenzake, wawili, watatu, hata wanne, na huko mbele huja kushika nyumba ya majike wengine. Akifika huko amekwisha kuota manyoya ya shingo, sura imebadilika, hakuna anayejua tena ni mtoto wa nani. Anastazi alijua. Kila simba ana madoa madogo kwenye mashina ya masharubu, na madoa hayo hayabadiliki tangu utotoni hadi kufa. Anastazi aliyachora, upande wa kulia na wa kushoto, katika madaftari mawili makubwa, miaka thelathini na mitatu.

Mwaka 1974 daktari mmoja Mbelgiji aliyesomea wanyama alichukua maandishi yake kuyatia katika Kifaransa. Kila mahali Anastazi alipoandika "ndugu", yule bwana akaweka watoto wa mama mmoja. Simba waliokutana ukubwani, kila mmoja na kwao, wakapewa mama wasiyemjua. Anastazi alipoonyeshwa mchoro wa ukoo alicheka mpaka akakaa chini.

"Bwana, ulinisoma vibaya. Hawa wanatembea pamoja tu."

"Kwa nini uliandika ndugu?"

"Sasa niandike nini? Wanalala pamoja, wanapigana pamoja."

Tangu siku hiyo alitia alama. T ilikuwa ndugu wa tumbo, N ilikuwa ndugu wa njia.

Tarehe 8 Agosti 1964 alikuwa amemwoa Mukandayisenga, ambaye yuko hapa mbele yetu. Siku ya kuposa, ukoo wa mwanamke uliuliza kaka wa bwana harusi yuko wapi, na Mutsinzi akasimama katika koti la kuazima. Mukandayisenga alijua kitambo kwamba hawakuzaliwa nyumba moja. Alisema koti lile lilimtia huruma. Walijaliwa binti wawili, Uwase na Kaliza. Mwaka 1979 walihamia Nyamirambo, na marehemu akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, wafanyakazi wa mbuga waliambiwa waondoke. Anastazi alikuja Kigali na madaftari yake mawili katika mfuko wa turubai. Tarehe 9 Oktoba, Jumanne, kabla hajafika mjini, alisimamishwa kwenye kizuizi. Askari walifungua daftari, wakaona majina, na mbele ya kila jina mama yake, ndugu zake, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Maneno yaliyosemwa pale marehemu aliyasimulia mara moja tu.

"Hii majina yote ni ya nani?"

"Ni ya simba, shefu."

"Simba iko na ukoo?"

"Iko nayo. Kila kitu iko na mama."

"Na Kabagwira ni nani? Hapa umeandika iko na watoto tatu, yote wanaume, wamevuka kwenda ziwa Hago."

"Kabagwira ni simba jike."

"Na huyu Padiri? Padiri gani iko na nyie?"

"Ni simba, shefu. Nilimuita Padiri sababu ya kutembea polepole."

Walicheka. Halafu hawakucheka. Alikaa ndani siku kumi na nane. Mutsinzi, aliyekuwa amefika kutoka Goma juma lile, alikwenda kila asubuhi na chakula katika sufuria ndogo. Mlangoni walimuuliza swali lile lile kila siku.

"Wewe uko nani yake?"

"Ndugu yake."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Walimwachia tarehe 27. Madaftari hayakurudi. Walisema karatasi zimepelekwa kusomwa.

Tangu kutoka huko, maumivu ya ubavu wa kushoto hayakumwacha, wala kikohozi. Alitibiwa, akapata nafuu, akalala tena. Mbugani hapakuendeka. Lililobaki moyoni mwake lilikuwa moja: kuandika tena ukoo ule kabla hajafa, kwa sababu ulikuwa kichwani mwake tu, na kichwa kilikuwa kinachoka. Mwezi wa sita 1992 alimwambia Mutsinzi anunue daftari.

"Mwandiko yangu ni ya kuku, Anastazi."

"Kuku pia inasomeka. Andika."

Alisema, Mutsinzi akaandika. Miezi tisa. Siku nyingine simba ishirini, siku nyingine mmoja. Walifika mpaka wanne wa Hago. Watatu walikuwa wa Kabagwira: Padiri, Sikio na Kigingi. Hao walitiwa T. Wa nne aliitwa Mgeni. Wale watatu walifukuzwa kwao mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakaonekana na huyu wa nne. Katika daftari la zamani palikuwa na mchoro wa mtoto wa dada ya Kabagwira, wa mwaka 1982. Madoa yake yangesema kama Mgeni ndiye yule, atiwe T, maana mtoto wa mama mdogo naye ni wa tumbo, au ametoka mbali, atiwe N. Anastazi hakuukumbuka. Doa la pili, juu au chini. Juma zima alifumba macho akilitafuta doa hilo.

Jumatano tarehe 10 Machi, baada ya uji, alisema, "Andika Mgeni ni ndugu yao."

"Wa tumbo ao wa njia?"

"Wewe unakula kwangu toka lini?"

"Toka hamsini na saba."

"Basi usiniulize."

Mutsinzi aliandika "ndugu", bila alama. Anastazi alitaka kuuona mstari huo, akaonyeshwa, akasema mwandiko kweli ni wa kuku. Saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kwenda. Mutsinzi aliosha kikombe cha uji, akakirudisha mahali pake. Halafu akakitoa, akakiosha tena.

Daftari liko kwa Kaliza, anayetaka kuliona anakaribishwa.

Marehemu ameacha mke, Mukandayisenga, mabinti, Uwase na Kaliza, dada, Mukagasana wa Kayonza, wajukuu watano, na Mutsinzi. Uwase, aliyepiga chapa karatasi hii, aliuliza aandike Mutsinzi ni ndugu wa namna gani. Mama yake alimwambia aandike ndugu, aache hapo.

Ndugu, Mutsinzi.

Apumzike kwa amani, Anastazi, na njia iwe nyepesi.